Simu nimenunua kwa pesa yangu hapa Mombasa, mbona ruhusa ya kuweka programu nikaombe kwa Google, California?

#1 BamvuaNaMafu (mleta uzi)
Assalaam alaykum wana jukwaa.

Nina programu ndogo niliyoitunga mwenyewe. Kazi yake ni moja: kuonyesha saa za maji kujaa na kupwa hapa Kilindini, na siku za bamvua (maji makubwa) na za maji mafu (maji madogo). Nilimtengenezea babangu anayevua Likoni, kwa sababu mato yake hayasomi tena lile jedwali la karatasi. Haina matangazo, haitaki intaneti, haiombi ruhusa yoyote. Haijawahi kukanyaga duka la Google. Inasafiri kwa Xender na Bluetooth, mtu kwa mtu, na mwezi uliopita nimeikuta kwa kijana wa Shimoni ambaye hanijui kabisa.

Sasa, Agosti 2025 Google walitangaza kuwa simu za Android zilizoidhinishwa nao hazitakubali programu ambayo mtungaji wake hajajisajili kwao: jina halisi, anwani, nambari ya simu, kitambulisho. Hata kama programu haipiti dukani kwao! Zinaanza Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, Septemba 2026. Nchi nyingine kuanzia 2027.

Naomba nielezwe na wanaojua. Nikimpa babangu faili mkono kwa mkono, mimi na yeye tumekaa kwenye ngazi za feri, huyo wa tatu anaingiaje?

#2 KiziwaFeri
Nimeketi. Chai ipo.

#3 Mwanatudor
Kabla watu hawajapandisha jazba: si marufuku. Ni usajili. Ukijisajili, programu yako itaendelea kuwekwa kwenye simu hata ukiisambaza kupitia tovuti yako au kwa Xender. Hawakusema lazima ipite dukani. Soma tena tangazo, mleta uzi.

#4 FundiWaDigo
Mimi ni fundi wa simu miaka kumi na moja, barabara ya Digo. Nataka niseme jambo ambalo wengi hapa hamtalipenda.

Kila wiki naletewa simu ambayo mwenyewe hajui imeingiwa na nini. Wiki mbili nyuma kaja bibi mmoja wa Majengo. Katumiwa WhatsApp faili imeandikwa "kadi ya arusi", kutoka nambari ya mpwawe. Kaibonyeza, simu ikamuuliza kama anaruhusu, akaruhusu, ikamuuliza tena, akaruhusu tena. Kumbe nambari ya mpwa ilikuwa ishatekwa. Ile kitu ikaanza kusoma jumbe zake zote, na nambari za siri za benki zinazokuja kwa SMS zikawa zinasomwa na mtu mwingine kabla yake. Pesa za karo ya wajukuu zikaenda. Kakaa kwenye kiti changu analia, na mimi sina la kumfanyia ila kuifuta simu yote.

Kwa hiyo mtu akiniambia "uhuru", mimi namuuliza: yule bibi uhuru wake uko wapi?

#5 BamvuaNaMafu
@FundiWaDigo pole kwake, na wallahi sikupingi kwamba wezi wapo. Lakini programu yangu haiombi SMS. Mwizi mmoja kaingia kwa mlango wa nyuma, na sasa mtaa mzima tunaambiwa tuandikishe milango kwa mtu asiyeishi mtaani.

#6 Saidia_Chama
Hili la SMS linanigusa. Mimi ni mtunza hazina wa chama cha akina mama, Bamburi. Mpwa wangu alinitungia programu inayosoma jumbe za malipo zikiingia na kuandika nani kachangia na nani bado. Miezi minane ilifanya kazi vizuri, nililala usingizi. Nilipobadilisha simu, nikataka kuiweka tena, ikazuiwa. Nikabonyeza kila mahali, hakuna kitufe cha "nakubali hatari". Imezuiwa tu. Sasa nimerudi kwenye daftari.

Ndiyo hiyo sheria mpya imeshaanza Kenya?

#7 Mwanatudor
@Saidia_Chama hapana dadangu, hiyo ni nyingine. Inaitwa Play Protect, kinga ya Google iliyomo ndani ya simu. Walianza kuijaribu Singapore Februari 2024, kisha wakaileta nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Faili ikishatoka kwenye kivinjari, WhatsApp au sehemu ya mafaili, na ikawa inaomba kusoma SMS, kusoma arifa, au ile ruhusa ya huduma kwa wasiojiweza inayoweza kubonyeza skrini badala yako, inazuiwa papo hapo. Haimuulizi mtungaji ni nani, inaangalia programu inaomba nini. Hii ya 2026 inamtazama mtungaji mwenyewe.

Kwa bahati mbaya programu ya chama na programu ya mwizi zinaomba ruhusa ile ile. Kwa macho ya mashine ni ndugu mapacha.

#8 Saidia_Chama
Ahsante kwa kunifafanulia. Lakini mpwa wangu si mwizi.

#9 KiziwaFeri
Na chama chenu bado kinalipa kwa zamu au mshaanza kugombana? 😄

#10 Saidia_Chama
Tumeanza kugombana, kwa sababu ya hiyo hiyo. Mmoja anasema alilipa, daftari linasema hakulipa.

#11 mkwaju_wa_kale
Nyote mnazungumzia usalama kana kwamba ndiyo sababu. Sababu ni pesa. Fuateni kesi.

Epic Games waliwashtaki Google. Desemba 2023 baraza la mahakama San Francisco likaamua kuwa Google wamehodhi soko la programu za Android kinyume cha sheria. Oktoba 2024 jaji akaamuru wafungue, maduka mengine yaruhusiwe. Julai 2025 rufaa ikawashinda. Agosti 2025, mwezi mmoja baadaye, hili tangazo likatoka. Mtu kaambiwa na mahakama afungue geti la mbele, naye anajenga kizuizi barabarani, kila gari lisimame lionyeshe karatasi. Duka laweza kuwa la mwingine, lakini daftari la majina litabaki kwake.

Halafu wanataka dola 99 kila mwaka kwa mtungaji!

#12 Mwanatudor
@mkwaju_wa_kale dola 99 kwa mwaka ni Apple. Google ni dola 25, unalipa mara moja, kama shilingi 3,200 za hapa. Na wamesema wanafunzi na wanaotunga kwa kujifurahisha watakuwa na akaunti ya bure, ila idadi ya simu zitakazoweza kuiweka ina kikomo.

#13 mkwaju_wa_kale
Sawa, kwenye dola nimekosea. Kwenye tarehe sijakosea.

#14 BamvuaNaMafu
Hapo kwenye kikomo cha simu ndipo panaponiuma. Mimi sijui programu yangu iko kwenye simu ngapi, na sitaki kujua. Mvuvi wa Kizingitini aliyepewa na mvuvi wa Shimoni, nitamhesabu vipi? Uzuri wa kitu chenyewe ndio huo, kwamba kinakwenda chenyewe kama nazi inayoelea.

#15 Binti_Kuze
Jamani mimi natumia iPhone tangu 2016 na nashangaa mnavyoshangaa. Kwetu ilikuwa hivi tangu duka la Apple lifunguliwe mwaka 2008. Kila kitu kinapita kwao. Sijawahi kuibiwa, sijawahi kuona "kadi ya arusi". Mnalilia kitu ambacho mimi sijawahi kuwa nacho.

#16 RobaMtupu
@Binti_Kuze dada, kwa heshima zote, kutokuwa nacho si ushahidi kwamba hakina faida.

Nami pia nina iPhone, ya mtumba kutoka Dubai, na nilijaribu kuweka programu niliyojifunza kutunga mwenyewe. Bila kulipa zile dola 99, unaiweka kupitia kompyuta na inakufa baada ya siku 7. Siku ya nane unaifungua, inakataa. Programu niliyoandika mimi, kwenye simu niliyonunua mimi! Nilihisi kama mtu anayelala kwenye nyumba ya wenyewe. Ulaya Apple walilazimishwa na sheria, kuanzia Machi 2024 maduka mengine yanaruhusiwa kwenye iPhone. Japani nao sheria yao imeanza kazi Desemba 2025. Sisi hatumo.

#17 Binti_Kuze
Hilo la siku saba sikulijua. Nimelipokea.

#18 FundiWaDigo
Nirudi, maana mmenielewa nusu. Mimi siwatetei Google. Mimi mwenyewe nina kadi ya kumbukumbu imejaa APK (mafaili ya kuweka programu) za zamani, na bila hizo nusu ya wateja wangu wangekuwa na matofali mfukoni.

Mteja anakuja na simu ya Android 6. Inapiga, inapokea, betri nzuri. Akienda dukani mtandaoni kutafuta programu anayoihitaji anaambiwa kifaa chake hakifai. Mimi namtafutia toleo la zamani lililokuwa likifanya kazi, namwekea, anaondoka anacheka. Kondakta wa Kisauni, mama wa Kongowea anayeuza nyanya, hao hawana elfu kumi na tano za simu mpya.

Kwa hiyo kinachonitia hofu si mtungaji wa leo. Ni mtungaji aliyekufa, aliyeacha kazi, kampuni iliyofungwa. Nani atakwenda kuwasajili hao? Programu nzuri ya mwaka 2015, mwenyewe hayupo, je itawekwa kwenye simu tena?

Hili nimeliuliza sehemu nyingi na sijajibiwa.

#19 mkwaju_wa_kale
Swali la #18 ndilo swali bora kwenye uzi huu. Nakuvulia kofia, fundi.

#20 Wakili_Mtaani
Pesa, usalama, yote nimeyasikia. Mimi natazama serikali, na siyo ya Marekani peke yake.

Mkiwa na mlango mmoja, mwenye kutaka kufunga anajua pa kubisha. Oktoba 2019 Apple waliiondoa programu ya ramani waliyokuwa wakiitumia waandamanaji wa Hong Kong. Septemba 2021 Apple na Google wote wawili waliiondoa programu ya kina Navalny, mpinzani wa serikali kule Urusi, siku uchaguzi unaanza. Mwaka 2017 Apple waliziondoa VPN, programu za kukwepa vizuizi vya mtandao, kwenye duka la China. Hakuna hata mara moja polisi alikwenda nyumba kwa nyumba. Walibisha mlango mmoja tu.

Sasa njoo kwetu. Novemba 2024 wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Telegram iligoma nchi nzima, sote tukakimbilia VPN, wengine wakitumiana faili kwa Bluetooth. Ukiwa na orodha ya kila mtungaji, jina na kitambulisho, kijana wa Tudor anayetunga programu ya kuwaonyesha watu wapi kuna mabomu ya machozi atalala na amani gani? Mimi sisemi Google ana njama na mtu. Nasema orodha ikishakuwepo, wenye kuitaka watatokea.

#21 Mwanatudor
@Wakili_Mtaani hapo umenitikisa kidogo, sitaficha. Lakini upande wa pili: mtungaji asiyejulikana akimwibia bibi wa #4, unamshtaki nani? Ukitunga programu ya kugusa pesa za watu, mimi nataka jina lako.

#22 Wakili_Mtaani
Ya kugusa pesa, ndiyo. Ya maji kujaa na kupwa?

#23 RobaMtupu
Na mwizi atatumia kitambulisho chake mwenyewe? Hapa Mombasa laini za simu zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu miaka mingi, na ujumbe wa "umetumiwa pesa kimakosa, rudisha" naupokea kila Ijumaa. Usajili haukumzuia mwizi wa laini, ulimfundisha kutafuta kitambulisho cha mwingine.

#24 FundiWaDigo
Hilo ni kweli tupu. Lakini ulipunguza. Zamani nilikuwa naletewa laini kumi kumi na mtu mmoja.

#25 BodaBamburi
Nyinyi mnazungumzia 2027. Mimi yangu imefungwa leo.

Nilichukua simu ya mkopo, unalipa kila siku kidogo kidogo. Nikaanguka na pikipiki, nikalala siku nne hospitali ya Makadara. Kutoka, simu imejifunga, skrini yote ni maandishi ya kudai. Nambari za wateja wangu zimo ndani. Picha za mwanangu zimo ndani. Nilishalipa zaidi ya nusu. Nikaenda kwa fundi aifute, ikawaka, ikajifunga tena yenyewe. Mwenye simu ni nani hapo?

#26 FundiWaDigo
@BodaBamburi pole sana ndugu yangu, na umepata nafuu? Hizo hazifutiki, programu ya kufunga imekaa chini kabisa, inarudi hata ukifuta. Mimi siziguzi, kisheria bado si mali yako hadi umalize. Lakini nakubali inauma.

#27 BodaBamburi
Nafuu ipo, alhamdulillahi. Nililipa, ikafunguka. Nimebaki na moyo mzito tu.

#28 mkwaju_wa_kale
Hii ya BodaBamburi mnaiona ni mada nyingine, mimi naona ni ile ile. Tumezoezwa polepole. Kwanza simu ya mkopo inafungwa na aliyekukopesha, tukasema haki yake. Kisha ukiifungua simu yako mwenyewe upate mamlaka yote, programu ya benki inagoma, tukasema usalama. Samsung nao kwenye mfumo wao wa One UI 8, mwaka 2025, wameondoa ile njia ya kufungua butiloda (programu inayoiwasha simu) uweke mfumo mwingine. Kila kipande kina sababu yake nzuri. Ukivikusanya, umebaki na nini mkononi?

#29 Mwanatudor
Mimi nasema sababu ni benki, si Google. Benki ndizo zinazolaumiwa mteja akiibiwa, nazo ndizo zinazosukuma. Tazama nchi nne za kwanza: Brazil, Indonesia, Singapore, Thailand. Zote zina kilio kikubwa cha wizi wa kupitia programu bandia. Hawakuchagua Ujerumani.

#30 mkwaju_wa_kale
Hawakuchagua Ujerumani kwa sababu Ujerumani ina sheria ya Ulaya yenye meno. Mnyonge huanziwa.

#31 Binti_Kuze
Mume wangu anasema sababu ni zile programu za kutazama YouTube bila matangazo, eti ndizo zinazowakera. 

#32 RobaMtupu
Mumeo yuko sahihi kuliko sote inawezekana. Kila mtu mtaani kwetu anayo.

#33 KiziwaFeri
Na WhatsApp GB, ile isiyo rasmi, je? Itakufa?

#34 FundiWaDigo
@KiziwaFeri hiyo GB ikifa mimi sitaihudhuria maziko yake. Hujui aliyeitunga, umempa mazungumzo yako yote. Kama kuna programu moja inayofanya watu kama mimi tuwaelewe Google, ni hiyo.

#35 KiziwaFeri
Lakini inaficha kwamba nimeona status 😄

#36 Huawei_Daima
Mimi nina Huawei na Google walininyima huduma zao tangu 2019, bado naishi. Natumia duka la Huawei wenyewe na APK nyingine natafuta. Hiyo sheria hainigusi.

#37 Mwanatudor
Marekebisho: si Google waliowanyima Huawei. Ni amri ya serikali ya Marekani, Mei 2019, Google wakatii. Lakini uko sahihi kwamba simu isiyo na idhini ya Google haiguswi na sheria hii. Tatizo ni kwamba hapa Kenya anayenunua Tecno au Infinix anapata yenye idhini, na bila hiyo idhini programu nyingi za kazi hazifunguki vizuri.

Na kwa uadilifu niongeze habari moja: Novemba 2025, baada ya kelele nyingi, hasa za F-Droid waliosema usajili huo utaua duka lao la programu huria, Google walisema wataweka njia kwa watumiaji wazoefu ya kuweka programu zisizosajiliwa, yenye maonyo na vizuizi vya kumsaidia mtu anayeshinikizwa na tapeli. Na njia ya waya, ya kutumia kompyuta na adb, inabaki.

#38 BamvuaNaMafu
Hiyo ya waya naijua, natumia kila siku. Babangu hana kompyuta. Wavuvi mia hawana kompyuta. "Mtumiaji mzoefu" ni mimi, na mimi sivui.

#39 NahodhaMstaafu
Nimesoma yote kwa miwani ya mjukuu. Mwanangu BamvuaNaMafu, nami nina hiyo programu yako, nilipewa na kijana wa Bandari ya Kale. Nina neno moja juu yake, halihusu Google.

Umeandika bamvua ni siku ya mwezi mpevu yenyewe. Sivyo. Maji makubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi kumi na nne. Siku yenyewe maji bado yanapanda. Na bamvua ya hapa muyini hujaa saa kumi, alfajiri na alasiri, hata bila simu mtu huyajua hayo.

#40 BamvuaNaMafu
Shikamoo mzee. Saa na urefu wa maji ni sahihi, nimezipima na jedwali la bandari. Lile neno "bamvua" ndilo nimelibandika kwa kufuata mwezi tu, umenikamata. Nitalirekebisha wiki hii.

#41 NahodhaMstaafu
Marahaba. Ukilirekebisha, sisi tulio nalo la zamani tutalipataje jipya?

#42 BamvuaNaMafu
Kama lilivyofika la kwanza mzee. Mtu kwa mtu.

#43 Wakili_Mtaani
Mnaona? Hapa ndipo penyewe. Kosa limeonekana na mzee anayejua bahari, limesahihishwa na kijana anayejua msimbo, na hakuna fomu iliyojazwa.

#44 Mwanatudor
Na je, mtu mwingine akiichukua programu hiyo hiyo, akaitia mdudu, akaisambaza kwa jina lile lile kwa Xender, NahodhaMstaafu atajuaje ipi ni ya kijana na ipi ni ya mwizi? Siulizi kwa ubishi. Nauliza kwa sababu nampenda mzee.

#45 FundiWaDigo
Simu yenyewe inajua kiasi. Ya zamani ikiwa bado imo ndani, na mpya ikawa na sahihi tofauti ya mtungaji, simu inakataa kuisasisha. Sahihi hiyo haihitaji kitambulisho wala Google. Lakini mtu akiiweka kwa mara ya kwanza, au akaifuta ya zamani kwanza, hapo hana kinga.

#46 mkwaju_wa_kale
Basi tatizo ni la mara ya kwanza tu. Kwa tatizo la mara ya kwanza tunampa mtu ufunguo wa kila mara?

#47 Mwanatudor
Bibi wa #4 aliibiwa mara ya kwanza.

#48 Saidia_Chama
Samahani kuwakata. @FundiWaDigo ile programu ya chama, naweza kuja nayo kwako Jumamosi ukaiweka kwa waya? Nitakuja na mpwa wangu, utamuona mwenyewe ni mtoto wa watu.

#49 FundiWaDigo
Njoo, dada. Baada ya adhuhuri. Na aje na msimbo wake niuone kwanza, siweki kitu nisichokiona.

#50 BodaBamburi
Mleta uzi, umeamua nini? Utajisajili?

#51 BamvuaNaMafu
Sijaamua. Shilingi 3,200 ninazo. Kitambulisho ninacho. Nikimtazama bibi wa Majengo natamani nijisajili kesho. Nikimfikiria yule kijana wa Shimoni aliyeipata programu bila kunijua, mkono unakuwa mzito. Babangu nimemuuliza, akaniuliza na yeye: hao watu wa huko wanavua nini?

#52 NahodhaMstaafu
Ijumaa ni bamvua. Ndoo Bandari ya Kale alasiri, saa kumi, na hiyo mpya kwenye simu yako. Tutaipima kwenye ngazi, nikuonyeshe maji yanafika jiwe gani.

#53 KiziwaFeri
Nakuja na mimi. Xender yangu iko wazi.